Kutaja, kukisia, kuthibitisha: simu inapouliza umri wetu

Mwezi uliopita, katika somo la tafsiri, mwalimu wetu alituletea aya moja ya Kifaransa kuhusu sheria mpya zinazolazimisha kile kinachoitwa huko Ulaya « vérification de l'âge » katika simu na kompyuta. Aya yenyewe ilikuwa na mistari minane tu, nasi tulidhani tungeimaliza kabla ya saa sita. Tulikuwa wanafunzi kumi na wanne. Tuliposoma kazi zetu kwa sauti tulikuta maneno hayo machache yamezaa tafsiri sita: kuhakiki umri, kuthibitisha umri, kuchunguza umri, kuuliza umri, kupima umri. Na mmoja wetu, ambaye sitamtaja kwa kuwa ni rafiki yangu, aliandika "kukagua miaka", kana kwamba miaka ni mizigo inayopita mpaka wa Kasumbalesa.

Tulicheka sana. Mwalimu hakucheka. Aliuliza: "Huyo anayekagua, anaona nini? Na akimaliza kukagua, anabaki na nini mkononi?" Hakuna aliyejibu. Nilirudi nyumbani na swali hilo, nikaanza kusoma habari za sheria zenyewe, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba tafsiri zetu sita hazikuwa makosa sita. Neno lile moja la Kifaransa linafunika vitendo vitatu visivyofanana, na mabishano makubwa yanayoendelea sasa Marekani, Uingereza na kwingineko kuhusu faragha yanachanganyikiwa kwa sababu hiyo hiyo: mtu mmoja anatetea kitendo cha kwanza, mwenzake anapinga cha tatu, na wote wawili wanatumia neno moja. Katika makala haya nitavitenganisha, kisha nieleze kinachobadilika swali la umri linapotoka kwenye mlango wa tovuti na kuingia ndani ya simu yenyewe.

Kitendo cha kwanza ni kutaja. Unaulizwa umezaliwa lini, unajibu, na jibu lako linapokewa. Mwaka 1998 Marekani ilitunga sheria iitwayo kwa kifupi COPPA, ambayo ilianza kutumika mwaka 2000. Inakataza kampuni za intaneti kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Kampuni nyingi ziliona ni rahisi zaidi kuwakataza watoto hao kabisa kuliko kuwatafuta wazazi wao, na ndiyo maana namba 13 iliingia katika fomu za dunia nzima, hata kwetu ambako hakuna bunge lililowahi kuijadili. Mimi nilifungua akaunti yangu ya kwanza nikiwa darasa la sita la shule ya msingi. Nilishusha orodha ya miaka mpaka nikaona 1990, nikabonyeza hapo, tarehe 1 Januari. Mpaka leo kila Mwaka Mpya napokea salamu za siku ya kuzaliwa, na mjomba wangu mmoja hunitumia zake kwa dhati kabisa, ingawa alikuwepo nilipozaliwa.

Udhaifu wa kutaja unaonekana wazi: mtoto anadanganya na mlango unafunguka. Lakini tumjibu mwalimu. Aliyeuliza alibaki na nini mkononi? Alibaki na tarehe moja, tena ya uongo. Katika vitendo vitatu, hiki ndicho kinachomwacha mtu alivyokuwa.

Kitendo cha pili ni kukisia. Kamera ya simu inapiga picha ya uso wako na programu inakadiria miaka. Au kampuni inatazama mwenendo wako: unaandika na nani, unatazama nini, akaunti yako ni ya tangu lini. Wauzaji wa njia hii husema kwamba picha hufutwa mara tu baada ya kukadiriwa, na pengine baadhi yao hufanya hivyo kweli. Tatizo ni kwamba anayepigwa picha hana namna ya kuona kama imefutwa. Anaambiwa tu.

Tena makisio yana kiwango chake cha kukosea, na kukosea huko hakuwaangukii watu wote sawasawa. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti uitwao Gender Shades. Walichukua picha za wabunge kutoka nchi tatu za Afrika (Rwanda, Senegali na Afrika Kusini) na nchi tatu za kaskazini mwa Ulaya, wakazipitisha katika programu tatu za kampuni zilizodai kutambua kama uso ni wa mwanamume au wa mwanamke. Kwa wanaume weupe, kosa lilikuwa asilimia 0.8 hata katika programu iliyofanya vibaya zaidi kwao. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, lilifika asilimia 34.7. Utafiti huo ulihusu jinsia, haukuhusu umri, na programu zimerekebishwa tangu wakati huo. Lakini ulionyesha jambo linalobaki kweli kwa kila mashine ya kukisia: inajua vizuri nyuso ilizofundishwa, na nyuso nyingine inazibahatisha.

Hata pale mashine inapokisia vizuri, haiwezi kutofautisha mtu wa miaka 17 na miezi kumi na moja na mwingine aliyefikisha 18 jana. Kwa hiyo kampuni huweka nafasi ya tahadhari: uso ukionekana uko karibu na mpaka, mwenye uso anaombwa karatasi. Sisi wenye nyuso za kitoto tunajua maana yake. Kwetu kukisia si kitendo kinachojitegemea, ni ngazi ya kupandia kwenda kitendo cha tatu.

Hicho cha tatu ndicho kuthibitisha kwenyewe. Unatoa kitambulisho, pasipoti, kadi ya benki, au kampuni yako ya simu inashuhudia. Uingereza imefika hapo. Kwa sheria yake ya usalama wa intaneti ya mwaka 2023, kuanzia tarehe 25 Julai 2025 tovuti zenye picha za ngono zinatakiwa kuwa na ukaguzi wa umri wenye nguvu, na kuandika tu "nina miaka 18" hakukubaliki tena. Wiki ile ile programu za VPN, zinazomfanya mtu aonekane yuko nchi nyingine, zilipanda hadi juu kabisa ya orodha za zilizopakuliwa zaidi nchini humo. Australia nayo, tangu tarehe 10 Desemba 2025, inazitaka kampuni za mitandao ya kijamii ziwazuie watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti, ila iliweka sharti ambalo mimi nimelipenda: kampuni haiwezi kudai kitambulisho cha serikali kuwa ndiyo njia pekee, ni lazima itoe na njia nyingine.

Anayethibitisha anabaki na nini mkononi? Jina, namba, picha ya uso, mara nyingi na anwani, vyote katika karatasi moja, na vyote vikiwa vimefungwa pamoja na jina la tovuti uliyotaka kuingia. Oktoba 2025 Discord, mtandao wa mazungumzo unaopendwa sana na vijana wanaocheza michezo ya kompyuta, ulitangaza kwamba picha za vitambulisho vya watumiaji wapatao 70,000 huenda zimeingia mikononi mwa wezi. Hazikuibwa kwa Discord yenyewe. Ziliibwa kupitia kampuni iliyoajiriwa kuhudumia wateja, na nyingi zilikuwa zimetumwa na watu waliokuwa wakilalamika kwamba umri wao umehesabiwa vibaya. Yaani waliotendewa kosa katika hatua ya kukisia ndio walioumia katika hatua ya kuthibitisha.

Sasa nifike kwenye simu.

Mpaka hapa swali la umri lilikuwa linaulizwa na kila tovuti mlangoni pake. Jimbo la California, ambako ndiko makao ya Apple na Google, limechagua njia nyingine. Sheria yake yenye namba AB 1043 ilitiwa saini na Gavana Gavin Newsom mwezi Oktoba 2025 na itaanza kutumika tarehe 1 Januari 2027. Haizungumzi na tovuti kwanza, inazungumza na mwenye mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoamsha simu au kompyuta: Android, iOS, Windows na nyinginezo. Mtu anapoandaa kifaa kwa mara ya kwanza, mfumo utamtaka ataje tarehe ya kuzaliwa au umri wa atakayekitumia. Ikiwa mtumiaji ni mtoto, mzazi ndiye atakayejaza. Kisha mfumo utamweka mtumiaji katika mojawapo ya makundi manne: chini ya miaka 13, 13 hadi 15, 16 hadi 17, na 18 kwenda juu. Kila programu itakapopakuliwa na kufunguliwa, itauliza, na mfumo utaijibu kwa ishara inayotaja kundi hilo. Anayekiuka kwa uzembe anaweza kutozwa hadi dola 2,500 kwa kila mtoto aliyeathiriwa, na anayekiuka kwa makusudi hadi dola 7,500.

Msomaji wa haraka anaweza kudhani kwamba California imelazimisha vitambulisho. Haikufanya hivyo, na hapa ndipo vitenzi vyetu vinapofaa. AB 1043 ni sheria ya kutaja. Haiombi picha, haiombi karatasi, na inaiagiza mifumo itume taarifa kidogo iwezekanavyo. Baadhi ya watu wanaojali faragha waliipokea kwa nafuu kwa sababu hiyo: afadhali kutaja mara moja kwenye simu yako kuliko kutuma pasipoti kwa tovuti ishirini. Hoja hiyo ina uzito, nami sitaki kuipuuza. Wala sitaki kuwapuuza wazazi. Kuna watu wazima wanaowawinda watoto katika mitandao, na kuna watoto wa miaka tisa wanaoonyeshwa picha ambazo hata mtu mzima hazimfai. Anayesema kwamba jambo hili si la kushughulikiwa hajawahi kumpokonya mtoto simu usiku.

Lakini nina mashaka yangu, na la kwanza ni la hesabu. Ili simu ijue nani ni mtoto, ni lazima imuulize kila mtu. Hakuna njia ya kuwachagua watoto bila kuwapanga na watu wazima katika mstari ule ule. Sheria inayoonekana kuwahusu wachache inawagusa wote, na mzee wa miaka 70 anayetaka kupiga simu na kusoma Biblia yake naye atabeba ishara ya kundi lake kila anapofungua programu.

La pili linahusu ishara yenyewe. Kundi la umri linaonekana kuwa taarifa ndogo. Fikiria hata hivyo programu inayouliza kila inapofunguliwa. Leo inajibiwa "16 hadi 17". Kesho inajibiwa "18 kwenda juu". Programu hiyo sasa inajua siku uliyozaliwa, mwezi na mwaka, bila wewe kuitajia chochote, isipokuwa kama waliotengeneza mfumo wameichelewesha ishara kwa makusudi. Tena ishara hiyo haifiki kwa watu wema peke yao. Mtengenezaji wa mchezo mdogo wa kompyuta, asiyejulikana na mtu, naye anaambiwa kwamba aliyeshika simu hii ana miaka kati ya 13 na 15. Sheria inamkataza kuitumia vibaya. Anayewinda watoto hasomi sheria ya California.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Bomba likishalazwa, ni rahisi kubadili kinachopita ndani yake. Leo kitenzi ni kutaja. Watoto watadanganya, kama nilivyodanganya mimi, na baada ya miaka miwili mbunge mmoja atasimama na takwimu mkononi aseme kwamba kutaja hakutoshi. Utah na Texas tayari ziko mbele. Mwaka 2025 zote mbili zilitunga sheria zinazotaka duka la programu lithibitishe umri wa kila mwenye akaunti, na aliye chini ya miaka 18 apate idhini ya mzazi kwa kila programu anayopakua. Ya Texas ilikuwa ianze tarehe 1 Januari 2026. Siku chache kabla, tarehe 23 Desemba 2025, hakimu wa shirikisho aliisimamisha. Aliilinganisha na sheria ambayo ingelazimisha kila duka la vitabu kukagua umri wa kila mteja mlangoni, na kudai idhini ya mzazi kabla ya mtoto kuingia au kununua kitabu. Mfano huo unapaswa kutugusa sisi wa kitivo cha lugha kuliko watu wengine. Jimbo lilikata rufaa, na mabishano hayo bado ni marefu.

Kuna na swali la nani hasa ni "mwenye mfumo". Apple na Google wanaweza kulijibu, wana majengo na wanasheria. Lakini Linux, ambayo ndiyo inayoendesha kompyuta nyingi za kale zilizofufuliwa, pamoja na mbili za maktaba yetu, hutengenezwa na watu waliotawanyika duniani, wengi wao wakijitolea. Nani kati yao atatozwa hizo dola 2,500?

Wengine watasema: California iko mbali. Ni kweli, na sheria yake inawahusu watu wa huko. Lakini simu zetu hazikuandikiwa programu Lubumbashi. Apple na Google zote mbili zilikwisha kutengeneza, mwaka 2025, njia za programu kuuliza kundi la umri la mtumiaji. Njia hizo huwashwa kwa kufuata nchi, ila msimbo wake husafiri na masasisho, na serikali yoyote inayotaka kuiga itakuta kazi kubwa imekwisha kufanywa. Na sisi Wakongo hatuhitaji kufundishwa kwamba simu ni mahali pepesi pa kumfikia mwananchi. Sajili ya simu iliyoitwa RAM ilianza mwaka 2020, ada yake ikawa inakatwa moja kwa moja katika unite za mtu, na ilifutwa mwaka 2022 baada ya malalamiko mengi. Wote tulijifunza wakati ule kwamba kila simu ina namba yake ya kuzaliwa nayo. Wengi tulikuwa hatujui.

Hapa naomba ruhusa ya kurudi kidogo kwenye kamusi, maana ni kamusi iliyonifungulia macho. Nilipokuwa nikijadiliana na ndugu zangu nyumbani juu ya jambo hili, jibu nililolipata mara nyingi zaidi ni: "Kama huna siri, unaogopa nini?" Jibu hilo linakuja kwa sababu katika Kiswahili chetu cha kila siku huku tunatumia neno siri kwa kila kitu, na tukitaka kuwa wasomi tunasema « vie privée ». Neno faragha tunalo, lakini wengi wetu tumelikuta katika vitabu. Ni hasara, kwa sababu maneno hayo mawili hayasemi jambo moja. Siri ni kitu: kinafichwa, na kikijulikana kimekwisha. Faragha ni mahali, ni hali ya kuwa pembeni ya macho ya watu. Mtu anayeoga yuko faragha, na hakuna mtu duniani asiyejua kwamba anaoga. Hana siri yoyote. Hata hivyo mlango ukisukumwa atapiga kelele, na hakuna atakayemuuliza anaficha nini.

Umri wangu si siri. Dada zangu wanaujua, chuo kinaujua. Ninachokidai ni faragha, yaani nisiwe natazamwa kila ninapofungua kitabu, na orodha ya vitabu nilivyofungua isiwe imeshonwa kwenye jina langu mahali nisipopajua. Sisi tuliotoka mashariki tuna sababu ya ziada ya kuogopa karatasi iliyokusanywa kwa nia nzuri. Nchini Rwanda, vitambulisho vilianza kuandikwa kabila katika miaka ya 1930, chini ya utawala wa Wabelgiji. Aliyeandika huenda alidhani anarahisisha kazi za ofisi. Miaka sitini baadaye, mwaka 1994, watu walisimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani, wakaombwa kadi hiyo hiyo, na mstari mmoja ulioandikwa hapo ukaamua nani anauawa. Silinganishi tarehe ya kuzaliwa na jambo hilo. Nakumbusha tu kwamba aliyekusanya taarifa na aliyekuja kuitumia hawakuwa mtu mmoja, wala hawakuishi wakati mmoja.

Kuna wataalamu wanaotafuta njia ya katikati, na ni haki niwataje. Mwaka 1985 wanahisabati Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff walionyesha kwamba inawezekana kumhakikishia mtu kwamba jambo ni kweli bila kumwambia kitu kingine chochote. Mfano wake katika mtaa ni huu: mzee anayeheshimiwa anamwambia mwenye duka, "Huyu ni mtu mzima", na mwenye duka anaamini bila kuuliza jina, wala mzee hajui kijana amenunua nini. Hisabati inamwondoa hata mzee katika mazungumzo. Umoja wa Ulaya ulitoa mwezi Julai 2025 muundo wa programu ya umri inayoelekea huko, na nchi tano, Ufaransa ikiwemo, zilikubali kuijaribu. Nikilazimishwa kuchagua, ningechagua hiyo.

Lakini mzee yule ni lazima amjue kijana. Katika mpango wa Ulaya anayeshuhudia ni karatasi: kitambulisho cha kielektroniki, pasipoti, benki. Asiye na karatasi hana shahidi, na hapo ndipo mambo yanapogeuka kuwa yangu mwenyewe. Mama yangu anasema nilizaliwa kabla ya volkano. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002 na moto ukapita katikati ya mji wa Goma, alinibeba mgongoni mpaka Gisenyi, na anasema nilikuwa nimekwisha kuota jino moja. Kwa hesabu hiyo nilizaliwa katikati ya mwaka 2001. Karatasi zangu zote za shule zinasema 2003, kwa sababu marehemu baba alipokuwa ananiandikisha aliona nimechelewa kuanza, akanipunguzia miaka ili nisionekane mkubwa darasani. Cheti cha kuzaliwa sikuwahi kuwa nacho. Kile nilichopata baadaye kilifuata karatasi za shule. Kwa hiyo kuna miaka karibu miwili ya maisha yangu ambayo nilikuwa mtu mzima kwa volkano na mtoto kwa serikali. Sheria yetu ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni yule ambaye hajafikisha miaka 18. Ni sentensi iliyo wazi kabisa, mpaka uulize inahesabu kutoka siku ipi. Simu ingethibitisha nini kwangu? Ingethibitisha karatasi. Na wanaofanana nami katika kitivo hiki si wawili wala watatu, nimewauliza.

Na hata kama kila mmoja wetu angekuwa na cheti safi, bado simu zetu hazina umri mmoja. Sheria ya California inamwona mtu mmoja na kifaa chake kimoja. Kwa dada yangu mkubwa huko Katuba, ambako mama anaishi sasa, kuna simu moja yenye kioo kikubwa. Asubuhi mama anasikiliza mahubiri humo. Mchana dada anaitumia kwa biashara yake ya vitambaa, anapokea picha na kutuma bei. Jioni watoto wanne wanaigombania, mkubwa ana miaka 15 na mdogo 6. Akaunti iliyomo ilifunguliwa na kijana wa kioski alikonunua simu, maana mama hakujua namna, na kijana huyo aliandika tarehe aliyoitaka yeye. Simu yenyewe ilikuwa imekwisha kutumiwa Ulaya. Ishara ikitoka hapo, ikasema "18 kwenda juu", itakuwa imewafungulia watoto wanne kila mlango kwa jina la bibi yao. Ikisema "chini ya 13", dada atapoteza wateja wake. Waliotunga makundi manne hawakukosea kwa ajili ya nyumba zao. Walihesabu tu simu kwa vichwa.

Nilimaliza kuandika ukurasa huu wa juu siku ya Jumamosi, nikaenda Katuba. Simu ilikuwa imegoma tangu Alhamisi na fundi alikuwa ameifuta yote, ikawa kama mpya. Tulikaa na mama uani tukaanza kuiandaa: lugha, nchi, namba ya siri, akaunti. Ikafika kwenye siku ya kuzaliwa, ikasubiri. Watoto walikuwa wamesimama nyuma ya kiti chetu, kila mmoja akingoja zamu yake.

"Iko inauliza nini, papa?" mama aliniuliza.

"Inauliza myaka, mama."

Aliitazama ile skrini kwa muda. "Ya nani? Yangu ao ya batoto?"

Nilishika simu mkononi mpaka kioo kikazima.